Doti Nyekundu Juu ya Boma Langu

Mpendwa okewo, mtoto wa dada yangu,

Tangu uende masomoni ng'ambo, hapa mtaani Mamboleo sina wa kunibishia, na mtu kama mimi asipobishiwa anaharibika.

Unakumbuka nilivyokuzungusha na pikapu, mtambo wako wa kupima gesi umefungwa nyuma, mrija ukivuta hewa? Ulitaka kujua methani, hiyo gesi inayochemsha dunia, inatoka wapi hapa mjini na kwa kiasi gani. Mimi, niliyenasa samaki mbuta pale ziwani Dunga, akaburuta mashua yetu hadi Uganda, nikakuambia pua yangu inatosha: ni jalala tu.

Ukacheka. "Anko, methani haina harufu. Endesha pole."

Tukapima upepo unakotoka, tukapima unakoelekea, ukatoa namba ya kwanza kwenye ya pili: iliyobaki imetoka hapo katikati. Jalala, madimbwi ya maji taka, mashamba ya mpunga ya Ahero, hata ng'ombe wa watu. Yaani msichana aliyekuwa akiwakimbia kuku wangu kwa woga, leo anaijua hewa ya Kisumu nzima!

Halafu tukarudi kwangu kula, na namba za mtambo zikaruka pale getini. Ukaniangalia. Nami nilishaliambia kanisa zima kwamba bayogesi yangu, ya mavi ya ng'ombe watatu, inaweza kupikia Kisumu yote. Ukaomba sabuni, ukapaka povu pale nilipofunga bomba kwa tyubu ya baiskeli. Povu likatokota kama uji: gesi ilikuwa inavuja.

"Usiniandike, okewo. Watanicheka."

"Nikikuficha wewe, Anko, nani ataamini nilichoandika juu ya wengine?"

Mama yako angenificha. Wewe uliweka doti nyekundu juu ya boma langu kwenye ramani yako.

Nilinuna siku mbili, nakubali. Kisha nikanunua kiungio cha kweli, na mke wangu akauliza moto umepata wapi nguvu.

Juzi ramani yako ililetwa barazani kwa chifu. Wafugaji walioona doti juu ya maboma yao wakawaka: "Hao wasomi wanatuonea sisi, wanaficha watu wao!" Nikasimama, nikaweka kidole. "Hii doti ni mimi. Na aliyeiweka ni okewo wangu."

"Mzee, kumbe hata wewe unajambia dunia!" mmoja akapiga kelele. Baraza lote likaanguka kwa kicheko. Walipomaliza kufuta machozi, walivuta viti karibu na ramani, wakaanza kuuliza wazibe wapi kwanza.

Kula vizuri huko, na baridi isikuonee.

Ni mimi nera yako, ndugu wa mama yako.