Mstari Ulioinyamazisha Mashine

Kaloleni, Voi
14 Desemba 1997

Kaka yangu Fawaz,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mombasa, kile kikohozi kimekuachia, na kazi mpya ya bandarini imekukubali. Sisi huku miili mizima. Mama goti linamsumbua kwa hizi mvua, lakini anakula na anagomba kama kawaida yake, kwa hivyo usiwe na hofu. Anauliza vipimo vya kanzu yako, maana harusi yako ndiyo hadithi yake asubuhi na jioni.

Habari za kule mlimani Mwanda najua umezisikia kwa simu, nusu nusu. Acha nikueleze mimi niliyekuwa kwenye ofisi ya maji, kwenye kiti chako, mbele ya kompyuta uliyoniachia.

Mvua hii hujaiona, kaka. Barabara ya mlimani imekatika kila kona, na ukungu ni ule wa kutoona mkono wako mwenyewe. Jumanne ile asubuhi Mzee Zephaniah, mlinzi wetu wa tangi la juu, alinipigia redio kunipa vipimo. Unajua anavyosoma, taratibu kama yuko kanisani. Alisema mita ya maji yanayoingia iko sufuri, ya yanayotoka iko sufuri, na kipimo cha nafasi iliyobaki tangini pia ni sufuri. Akauliza kama afungue valvu ya kumwagia. Ilibidi aulize, kwa sababu mwaka jana aliifungua bila idhini, maji yakasomba maharagwe ya watu, na mkubwa wetu Bwana Mbuvi akamwapisha kwamba asiiguse tena mpaka ofisi iseme.

Nikachapa sufuri zake tatu. Kompyuta ikaandika SALAMA. Nikamwambia ni salama, asifungue. Akashukuru, akasema kama kompyuta imesema hivyo basi anashuka kunywa chai.

Mita zote mbili zilikuwa zimezibwa na tope, Fawaz. Tangi lilikuwa limejaa pomoni na maji bado yanaingia. Yalifurika, yakachimba udongo chini ya ukuta, na ukuta ukaenda. Nyumba ya kwanza chini ya tangi ni ya Mzee mwenyewe. Wakio binti yake amekufa, yule aliyekupikia chakula chao cha kimanga wiki nzima ulipokuwa ukifunga zile mita, pamoja na watoto wawili wa jirani. Mzee alipona kwa sababu alikuwa kwenye kibanda cha chai, na hiyo ndiyo kesi yake sasa. Bwana Mbuvi amewaambia polisi kwamba kompyuta haina kosa, ila mlinzi aliacha kazi akaenda kunywa chai. Wamemweka rumande. Siku ya mazishi askari walimleta na pingu, na udongo wa mwanawe aliutupa kwa mikono miwili iliyofungwa pamoja. Wallahi nililia mpaka nikaona haya mbele za watu.

Tangu hapo sikulala vizuri. Nikafungua programu yako kuisoma yote, kama ulivyonifundisha. Unakumbuka siku uliponieleza kwamba kwenye C, ile lugha ya kompyuta, mtu anaweza kuichagulia mashine namna ya kumaliza desimali? Iende kwenye namba iliyo karibu, ipande, ishuke, au ikate tu? Nikakuuliza kuna haja gani. Ukanikaripia, ukasema saa za tangi kujaa lazima zishuke, kwa sababu tangi likijaa kabla ya ilani mtu atakufa. Maneno yako hayo. Na kweli mstari huo upo, umeuandika vizuri, desimali zinashuka.

Juu yake kuna mwingine. Ndio ninaokuandikia.

Ni ule unaoiambia mashine izime makelele yake yote ya hesabu. Igawanye kwa sufuri, ipate jibu lisilo namba, isisimame, isiseme kitu, iendelee tu. Nafasi sufuri ukiigawanya kwa tofauti ya mita, sufuri toa sufuri, jibu si namba. Na kitu kisicho namba ukiiuliza mashine kama ni kidogo kuliko saa mbili, ule mpaka wa ilani, itakujibu hapana. Kama si kidogo, hakuna hatari. Ndiyo ile SALAMA niliyomsomea Mzee.

Tarehe uliyoiandika kando ya mstari huo ni ya siku walipokuja wageni wa ufadhili. Programu ilisimama mbele yao kwa sababu mita zote mbili zilikuwa hazijafunguliwa, na Bwana Mbuvi akakutukana kama mtoto. Ulirudi nyumbani hukula. Naelewa, kaka. Ningekuwa wewe labda ningefanya hivyo hivyo siku ile. Lakini wageni walikwenda zao, na mstari ukabaki.

Nimemwambia Mama. Akasema niufute, na Mzee Zephaniah atasaidiwa na Mungu wake. Mimi siwezi. Alhamisi kesi inasikilizwa hapa Voi, nami nitasimama niseme kwamba neno salama lilitoka kinywani mwangu, na lilitoka wapi kabla ya hapo. Nakala ya programu nimeshampa wakili wa Mzee, kwa hivyo usinipigie kunibembeleza. Ukitaka kusema mwenyewe kabla yangu, panda basi Jumatano. Nitakufungulia mlango, na Mama pia atafungua.

Vipimo vya kanzu usivitume kwanza.

Bi Khairat wa jirani anakusalimu, na watoto wake wote wanauliza utakuja lini. Jitunze na huo upepo wa bandarini, unywe tangawizi.

Jambo moja nilitaka kulificha, lakini wewe ni kaka yangu. Jana niliutoa mstari wako, nikachapa sufuri tatu zile zile. Mashine ilisimama hapo hapo, ikapiga kelele kioo kizima. Ilikuwa inajua, Fawaz. Asubuhi ile ilikuwa inajua.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nasima