Chasisi ya Landrova ya Kishanda

Fundi Kamugisha,

Miezi minane sasa umelala kaburini Kanazi, na mimi bado nikipata gari gumu nageuka kukuuliza. Gereji yetu ya Kahororo ipo. Wateja wengine wakikuta mwanamke chini ya gari huuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nawajibu ndiye huyu, wanacheka, halafu wanatoa ufunguo.

Nakuandikia kwa sababu nimeinunua ile Landrova ya Kishanda. Ile ile uliyokuwa ukiipunguzia mwendo kila tukienda Muleba, uichungulie kwenye migomba, kisha uendelee. Miaka yote hiyo nilijiuliza ulikuwa unaangalia nini.

Mama Paskazia, mjane wa mwenye gari, alinitumia ujumbe kwamba anauza, apate kuezeka nyumba. Nikaenda. Sasa usinigombeze: sikukaa. Ulikuwa ukinivuta mkono kila mara, "Koku, kaa kwanza, tafuna kahawa ya watu, gari halikimbii." Alishaleta akamwani, hiyo kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, nikamwambia nakuja, nikaingia uvunguni. Tamaa, Fundi. Gari lile halijapigwa rangi tangu litoke kiwandani! Kijani kimepauka, viti vimechanika, lakini boneti, milango, injini, hata vioo ni vile vile. Wewe ndiye uliyenifundisha kuogopa gari la zamani linalong'aa, kwa sababu rangi mpya inaficha mengi. Nikaanza kupanga bei kichwani: hii kutu ni ya juu juu, pale pameliwa, hapa bado chuma kizima.

Halafu nikafuta matope nisome namba ya chasisi. Haikufanana kabisa na ya kwenye kadi ya gari. Nikapapasa mbele kidogo, nikakuta mshono wa kuchomelea, mfupi mfupi, umelalia kushoto. Nani mwingine zaidi yako huku kwetu anachomelea kwa mkono wa kushoto?

Nilibaki chali pale chini. Gari ambalo chasisi yake haina maelezo halisajiliki, ni chuma chakavu tu, na mama yule angepata bei ya chuma chakavu. Na wewe… Acha niseme wazi. Nilidhani ulimsaidia mwizi kuunga chasisi ya wizi. Nikajiambia ndiyo maana ulikuwa unapunguza mwendo, roho inakusuta. Nililia kwa hasira, mafuta machafu yakinidondokea shingoni.

Nikatoka, nikanawa, nikakaa. Nikatia kahawa mdomoni. Mama Paskazia akasubiri nitafune mbili tatu, ndipo akasema, "Waitu, mwanangu, kabla ya bei kuna jambo. Fundi wako alisema atakayekuja kununua aambiwe, akishakaa." Akatoa bahasha kwenye sanduku la vyeti vya ubatizo. Mwandiko wako! Kwamba mumewe alitumbukia korongoni, chasisi ikapinda, ukamtafutia nyingine ya gari lililoungua Kanazi. Namba zote mbili, saini ya muuzaji, na ya mashahidi wawili. Na chini kabisa: "Karatasi hii bado haijapelekwa ofisi ya usajili. Nimemkumbusha mwenye gari mara tatu." Wanunuzi wanne walishaonyeshwa karatasi hiyo wakakimbia.

Nikataja bei pale pale, na sababu zake akisikia: chini ya gari lenye chasisi yake ya asili, juu sana ya chuma chakavu, na usumbufu wa kurekebisha kadi ni wangu. Akauliza kama na wewe ungesema hivyo. Nikamwambia sijui. Akakubali. Kadi ilikuwa bado kwa jina la marehemu mumewe, kwa hiyo ukoo ulikaa, ukamteua yeye kusimamia mirathi, mahakama ikathibitisha, ndipo akaniuzia.

Lakini chasisi nzima uliifikishaje Kishanda kwa barabara ya enzi zile? Na kwa nini hukuniambia? Ulitaka nigundue mwenyewe, au ulisahau tu, kama ulivyokuwa ukisahau miwani kichwani?

Juzi nilipeleka gari kukaguliwa. Afisa akasoma karatasi yako, akataka aliyeiandika aje. Nikasema amefariki. Basi, akasema, mtu ale kiapo kwamba anaufahamu mwandiko huu, na kwamba aliyeandika alikuwa mkweli. Nilishika kalamu muda mrefu mpaka akaniuliza kama nina shaka.

"Nilikuwa nayo," nikamwambia, "chini ya gari."

Hakunielewa. Nikasaini.

Naahidi kila nitakachobadilisha kwenye gari la mtu nitakiandika, na sitamkumbusha mwenyewe mara tatu. Nitampeleka ofisini mimi. Kwaheri, Fundi wangu. Nimeapa mbele ya watu kwamba ulikuwa mkweli, na wewe peke yako ndiye ninayekuomba msamaha.

Koku