Ndara za Kwanza Mstarini

Da Mejumaa,

Sijui barua ya namna hii huanzwaje. Kukuuliza hali ni upumbavu, na kukuambia kwamba mimi ni mzima ni uongo, kwa hivyo salamu tuziruke. Ni saa nane mchana. Watoto wamelala, au wanajifanya wamelala, na mimi nimekaa kwenye kizingiti cha stoo, pale ulipopenda kukaa ukimchambulia mpishi mchele wakati hata si kazi yako. Kaka Kevo ndiye anayewachunga bwenini. Namsikia akiwaambia, "Wasee, si mlale basi," nao wanazidi kucheka. Wewe ungesimama mlangoni tu bila kusema kitu, na wote wangelala, pamoja na Kevo mwenyewe.

Kwanza nikulaumu, nimalize. Ulisema ni homa tu. Ulikwenda kwenu Msambweni kupumzika, ukaniambia, "Nyevu, Jumatatu nipo, usimpe mtu kitanda changu." Kambi yetu ya watoto ilipofungwa kwa siku hizo chache, nami nikaenda zangu Kinango kwa mama, nikawa nakula mahindi ya kuchoma na kucheka na wajomba, kumbe wewe huko unakwisha. Simu iliponifikia nilikuwa shambani. Nilikuja na nguo ile ile ya kulimia, na nilipofika nikakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta mchanga. Najua nyinyi hamcheleweshi maiti, ndiyo dini yenu, na hata ningewahi nisingeruhusiwa kufika kaburini. Lakini ningekaa nyumba moja na wewe kwa saa moja tu. Saa moja hiyo bado naitaka.

Nilikaa na wanawake ndani. Sikujua dua hata moja, nikawa naitikia "amina" kila walipoitikia. Siku ya tatu mamako alinishika mkono, akaingia chumbani kwako, akatoka na ndara zako. Zile za buluu, zenye mkanda mmoja mwekundu ulioutoa kwenye ndara nyingine ukaufunga kwa waya. Akasema, "Zichukue, mwanangu. Huko kambini ndiko kwao." Nilipofika hapa nilizitundika kwenye msumari ule ule wa siku zote nyuma ya mlango wa stoo, nikawa naingia stoo bila kugeuka nyuma.

Sasa nikupe habari. Mivinje iliyokuwa inaangusha vijiti kwenye uji imekatwa matawi. Mpishi ameoa, na chumvi imezidi, sijui kama mambo hayo mawili yana uhusiano. Kitanda chako hakuna aliyepewa. Na meneja amenifanya mimi mkuu wa maji, wa kuwaingiza watoto baharini na kuwatoa. Mimi! Kazi yako amepewa mtu aliyezaliwa mahali ambapo maji huja nyumbani yamepanda punda.

Unakumbuka siku ulipoanza kunifundisha? Nilikuwa nimeajiriwa kusuka watoto nywele na kuwaimbisha, na kwa miezi miwili nilifanikiwa kukwepa bahari. Ukanikamata. Ulinipeleka mpaka maji ya kiunoni, ukaweka vidole viwili chini ya kidevu changu, na mimi nikakung'ang'ania mpaka nikakuchana bega. Hukukasirika. Ulisema, "Bahari haitaki nguvu zako, Nyevu. Ipe mgongo, itakubeba." Nilidhani ni mzaha wa Wadigo kwa Waduruma. Nikaipa mgongo kwa hasira, ili nizame uone aibu, nayo ikanibeba. Nililia pale pale, na wewe ukasema machozi yangu yanaongeza chumvi bure.

Na watoto waliokojoa vitandani, hao nawakumbuka kila asubuhi. Ulikuwa hupigi kelele, huulizi ni nani. Ulibeba godoro lako mwenyewe ukalianika kwanza juani, halafu ukalianika la mtoto kando yake, ukawaambia waliokuwa wakichungulia, "Leo tumekojoa wawili, nani mwenye neno?" Hapakuwa na mwenye neno. Juzi nimefanya hivyo hivyo. Godoro langu ni zito kuliko nilivyofikiri.

Lakini ninachotaka kukuambia hasa ni habari ya ndara.

Kevo hajaacha wazo lake la kuwavisha watoto bangili za namba ili awahesabu. Unakumbuka mwaka ule aliwanyooshea watoto kidole pale ufukweni akianza moja, mbili, tatu, na wewe ukampiga mkono ukamwambia, "Watoto wa watu hawahesabiwi kwa kidole! Ukitaka kuhesabu kahesabu kuku wa mpishi." Alicheka, maskini, akadhani unatania. Ukamwonyesha njia ya bibi yako: kila anayeingia majini avue ndara zake azipange mstari mmoja mchangani, na kila anayetoka azivae. Mstari ukiisha, watu wote wametoka. Ikibaki jozi moja, kuna mtu majini. Ndara zako ndizo zilizokaa mwanzo wa mstari, kwa kuwa uliingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Na kuzitoa stoo na kuzipanga ilikuwa kazi yangu. Miaka miwili nimeziweka pale, visigino vikitazama bahari, kama ulivyotaka.

Nami mpaka leo idadi ya watoto wetu siitaji. Hata kwenye barua hii sitaitaja, usiwe na wasiwasi.

Watoto wa msimu huu wametoka kwetu, ng'ambo ya Kinango, kule kukavu kabisa. Wamekuja kwa wiki moja tu. Kuna mmoja anaitwa Mbeyu, msichana wa miaka tisa, mwembamba, haongei mpaka awe amefikiri. Amekuja na viatu vyeusi vya shule, hana kingine cha kuvaa. Walipofika, wote walikimbia mpaka ukingoni wakasimama ghafla. Hakuna aliyekuwa ameiona bahari. Nikajiona mimi.

Nikaogopa, Da Mejumaa. Nakuambia ukweli kwa sababu huwezi tena kunisimanga. Siku ya kwanza nilisema mawimbi makubwa, na bahari ilikuwa imetulia kama chai kikombeni. Siku ya pili nilisema kuna konyeza wanaowasha ngozi. Siku ya tatu nikasingizia mwani umejaa. Tukacheza mpira, tukatunga mikufu ya kome, tukaimba nyimbo zote nizijuazo na nyingine nisizozijua. Kila jioni niliwasuka nywele, zikiwa kavu, zimejaa mchanga, huku nikisikia sauti yako sikioni: "Mtoto asirudi bara na nywele kavu." Uliisema kila msimu, na kila msimu uliitimiza. Nilikuwa nimeamua kumwambia meneja atafute mtu mwingine. Kazi ya nywele na nyimbo inanitosha.

Jioni ya siku ya tatu Mbeyu alikuwa kati ya magoti yangu nikimsuka. Akaniuliza, "Dada, ile bahari ni ya kutazamwa tu?"

Basi siku ya nne tukaingia. Nilitoka stoo na kapu la leso na filimbi, nikamwambia Kevo asimame mchangani asiondoe macho, watoto wakapanga ndara zao, na Mbeyu akaweka viatu vyake vya shule na soksi ndani yake, zimekunjwa. Tukashikana mikono. Kelele walizopiga maji yalipowafika magotini, nafikiri ulizisikia. Nikawalaza mmoja mmoja, vidole viwili chini ya kidevu. Wengi walifanya kama mimi, wakanichana. Mbeyu alinitazama, akafikiri, akalala. Masikio yake yalizama, akatabasamu akiitazama mbingu, na mimi nikasahau kabisa kwamba ninaogopa.

Tulitoka wakati maji yanaanza kujaa. Nikawa nawafuta vichwa kwa leso, wanatetemeka, wanazungumza wote kwa pamoja. Halafu nikageuka kutazama mstari.

Jozi moja ilikuwa imebaki.

Sikuangalia ni jozi gani. Sikuita mtu. Nilirudi baharini mbio na nguo zangu, nikazama macho wazi, nikapapasa chini, nikainuka, nikazama tena. Niliyataja majina, kila jina, na maji yalinijaa mdomoni. Nilimwita Mbeyu zaidi ya wote. Nilikuita na wewe. Namkumbuka Kevo akipiga kelele, "Nyevu! Wote wako huku! Toka!" lakini sikumwamini, kwa sababu wewe ulinifundisha, "Usiamini mdomo wa mtu, tazama ndara," na ndara zilikuwa pale mchangani zinanitazama.

Mwishowe Kevo alitumia akili ambayo sikujua anayo. Aliwaambia watoto kila mmoja avue kiatu kimoja akiinue juu. Nilipoinuka kuvuta pumzi nikaona ufuo mzima umejaa mikono na ndara, na kwenye ncha ya mstari kiatu kimoja cheusi cha shule kinachuruzika mchanga. Hakuna aliyekosekana. Nikatoka nikitambaa mpaka kwenye ile jozi iliyobaki.

Za buluu. Mkanda mwekundu, waya.

Nilizipanga mwenyewe, Da Mejumaa. Asubuhi ile nilipochukua kapu stoo, mkono wangu ulipita nyuma ya mlango ukazichukua kwenye msumari, kama mkono huo ulivyozichukua kwa miaka miwili, na nilipofika mchangani nikaziweka mwanzo wa mstari, visigino vikitazama bahari, na sikujua nimefanya nini. Mimi nilikuwa nimekuja miguu mitupu. Mwili wangu wote ulikuwa bado unajua kwamba wewe ndiye utakayetoka wa mwisho.

Nilikaa pale nikalia kwa sauti, mbele ya watoto, jambo ambalo ulinikataza. Kwenye matanga sikulia hivyo. Kule nilikuwa mgeni, nilikuwa nasikiliza wengine wanaliaje. Hapa nilikulilia wewe, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba jozi ile ingekaa pale mpaka maji yaje kuichukua, na wewe usingetoka kuivaa.

Watoto walinizunguka. Mbeyu ndiye aliyeuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia amefariki. Akafikiri. Huko kwetu watoto hawafichwi mauti, hakushtuka. Akauliza tena, "Sasa mstari utakwishaje?"

Nilizibeba ndara mpaka stoo ili nizirudishe kwenye msumari wake, na niende moja kwa moja kwa meneja nikamwambie yaishe, nimeshindwa. Nikainua mkono mpaka msumarini. Ukashindwa kushuka, ukashindwa kutundika. Swali la yule mtoto lilikuwa likinizunguka kichwani. Halafu nikaziweka chini, nikaingiza miguu.

Ni kubwa. Kisigino changu hakifiki mwisho, na ule waya wako unachoma kati ya vidole, sijui ulikuwa unavumiliaje. Kwa meneja sikwenda. Leo asubuhi nimezivaa kutoka hapa stoo mpaka ufukweni, zikilia pwata pwata njia nzima, Kevo akanitazama miguuni na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Nikazivua, nikaziweka mwanzo wa mstari. Nikaingia wa kwanza. Tulipomaliza nikawatoa wote mbele yangu, wakavaa, na mstari ukawa unapungua mmoja mmoja, mpaka zikabaki zako peke yake. Watoto walisimama wakinitazama. Nikatoka nikazivaa. Mbeyu akasema, "Mstari umekwisha," akaenda zake kutafuta chakula.

Bado nakutaka, usidhani nimepoa. Nikisikia maji ya ndoo yanamwagika bafuni asubuhi nakaa kitandani nikingoja ukohoe. Mbaazi zikiwa na nazi nzuri nageuka kukuambia. Kuna vichekesho vya Kevo ambavyo haviwezi kuchekwa na mtu mmoja. Sijui nitaviweka wapi vitu hivi vyote, labda nitakuwa nakuandikia.

Kesho wanaondoka, na leo jioni nitawasuka kwa mara ya mwisho. Nywele zao bado zimelowa, nimezigusa sasa hivi nilipopita kuwafunika, zinanuka chumvi. Ijumaa nitafika Msambweni nimwambie mamako kwamba ndara zimefika kwao. Kwako wewe nina ahadi moja. Muda wote nitakaokuwa katika kambi hii, nitaingia wa kwanza na nitatoka wa mwisho, na ndara zako hazitabaki tena mchangani bila mtu.

Lala, dada yangu. Mola wako akupe kivuli. Nimesikia Kevo anakoroma, nao watoto wameanza kutorokea dirishani.

Mdogo wako,
Nyevu