Kibanda Chini ya Saa

Jumatatu, 4 Machi
Soko letu linatimiza miaka mia mwezi huu! Mafundi wako juu ya paa, vumbi lote linatua kwenye vifungo vya nguo ninavyouza. Baada ya sherehe wote tunahamishiwa ghorofani, jengo jipya la nyuma. Humu kitabaki kibanda kimoja tu cha kumbukumbu, na mwenyewe ataendelea kuuzia hapo hapo. Wakongwe wanasema ni changu, hakuna wa kubisha. Bibi aliuza uzi hapa chini ya saa ya soko kabla paa halijaezekwa. Leo hata kula nimesahau.

Alhamisi, 7 Machi
Nilimpeleka mama kliniki, miguu imevimba tena. Jirani yangu Mama Ndoo — wa ndoo na mabeseni — akabaki kibandani kwangu ananiuzia. Sina shaka naye, tunauziana tangu sijaolewa. Na sheria anaijua: mteja akiuliza kibanda ni cha nani, unajibu "changu". Ukisema mwenyewe hayupo, mteja anasema atarudi, na harudi. Mama ndiye aliyenifundisha hivyo. Jioni Mama Ndoo alinikabidhi mauzo, akaniuliza hali ya mgonjwa. Hakusema lingine.

Jumatatu, 11 Machi
Siamini. Langoni wametundika picha kubwa ya kibanda changu. Ndani yake kasimama Mama Ndoo, mkono kiunoni, anacheka! Chini wameandika: mjukuu wa muuzaji wa kwanza.

Kumbe kamati ya sherehe ilipita Alhamisi. Wakamuuliza kibanda ni cha nani, akajibu changu. Hadi hapo simlaumu, hata mimi ningejibu hivyo. Lakini wakaendelea kumuuliza, naye akawapa bibi yangu mzima mzima! Mwaka wa mafuriko, bibi akiuza huku maji yamemfika magotini. Mtoto aliyezaliwa nyuma ya magunia — mtoto huyo ni mama yangu! Yote nilimsimulia mimi mwenyewe, tukila sahani moja.

Jumanne, 12 Machi
Nilimfuata nimpashe. Alikuwa anapangusa beseni ambalo halikuwa na hata doa. Alisema neno lilishamtoka, angelirudisha vipi. Halafu akasema:

"Vifungo vyako vinabebeka, dada. Mtu gani atapanda ghorofani kufuata ndoo?"

Dada! Miaka yote hii ananiita dada.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Akasema leseni ya kibanda bado ina jina la marehemu bibi, na mjukuu keshajitokeza. Nirudi baada ya sherehe. Muuza nyama, aliyecheza kwenye harusi yangu hadi viatu vikakatika, alisema haingilii ugomvi wa wanawake. Nimeumia. Nimeumia mno.

Alhamisi, 14 Machi
Mama kauliza avae nini Jumamosi. Nimeshindwa kumwambia.

Jumamosi, 16 Machi
Sherehe yenyewe. Spika zinapiga kelele, maputo kila nguzo. Mama aliiona picha pale langoni. Bila miwani maandishi hayaoni. Akacheka, akasema rafiki yangu kapendeza, siku ile aliniuzia vizuri. Nimemkalisha kwenye kiti karibu nami.

Kisha Mama Ndoo akaja na gauni jipya. "Niuzie kidogo, dada. Naitwa jukwaani." Hakungoja jibu. Humu hakuna anayekataa kumuuzia mwenzake. Basi nimekaa kwenye kigoda chake, kati ya ndoo zake, naandika ili nisilie.

Sauti yake ndiyo hiyo kwenye spika. Kafika kwenye mafuriko. Mama hacheki tena.

Na karani wa soko anapita kibanda kwa kibanda, anaandika wenye vibanda wa kuhamishiwa ghorofani. Yuko kwa muuza nyama sasa. Mama Ndoo alijua kwamba anapita leo. Alijua! Nikisema "changu", basi mimi ndiye wa ndoo, mimi ndiye wa ghorofani, na chini ya saa anabaki yeye.

Sijawahi kuivunja sheria ile ya mama, hata mara moja.

Amefika. Anauliza kibanda hiki ni cha nani. Mama amegeuka, ananitazama mdomo —