Oda Haina Miguu

Mke wangu Mama Salima,

Leo wajukuu zako wameniuliza maana ya neno "oda." Wamezoea kwamba nikiulizwa neno nalifafanua mpaka chai inapoa. Leo nimetoka nje kuliangalia lile pipa letu.

Unakumbuka tulivyolitolea oda. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami nafundisha hapa Mnyambe. Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya mabati, na wewe uliliangalia lile paa kwa jicho la mteka maji. Ulisema mvua yote inapotelea mchangani, huku ninyi wanawake mkiteremka mpaka bondeni na mitungi. Tukaenda Newala. Mwenye duka akaandika jina lako, akasema pipa litaagizwa pwani.

Njiani uliniuliza oda ni nini hasa. Nikakueleza kwa raha zangu: unaagiza kitu ambacho dukani hakipo, na kikifika unaletewa mlangoni. Nilikuwa nimeyasoma hayo katika kitabu cha Kiingereza cha shule, ambamo bibi mmoja wa London anatoa oda, na gari linamletea sukari na mishumaa nyumbani kwake. Sikujiuliza ni gari gani litakuja Mnyambe kwa ajili ya pipa letu.

Mvua za kwanza zikaanguka. Ukakinga masufuria chini ya paa, yakajaa upesi, maji mengine yote yakaenda zake.

"Baba Salima, si niende nikaulize?"

"Aliyetoa oda haulizi. Huletewa."

Ukacheka. "Haya, Mwalimu. Labda hiyo oda yako ina miguu."

Asubuhi iliyofuata ulimwacha Salima amelala, ukateremka bondeni na wenzako. Njia ilikuwa tope tupu, ukateleza. Walikupandisha wakiwa wamekubeba, nawe husemi tena. Mtungi wako hakuna aliyeurudisha.

Baada ya arobaini nilikwenda Newala kununua chumvi. Mwenye duka, ambaye hakuwa na habari, aliniuliza mbona hatuji. Pipa lilikuwa nyuma ya duka tangu kabla ya mvua, jina lako limeandikwa juu yake kwa chaki. "Tunamngoja mwenyewe," alisema. Dukani kwake oda ilikuwa na maana hiyo: kitu hungoja, mtu hukifuata.

Nililiviringisha mpaka nyumbani, siku mbili. Chaki ya jina lako ikafutikia njiani.

Siku hizi tuna bomba, na kutu imelitoboa pipa, halishiki maji. Lakini silitupi. Mvua ikilipiga nasikia swali lako, kwa sauti ileile, bila hasira. Hasira ningeiweza.

Kesho nitawaambia watoto kwamba oda ni kitu unachokwenda kukiulizia. Wewe nakujibu leo, na najua nimechelewa. Nenda, Mama Salima. Nenda Newala ukaulize. Mtoto nitabaki naye mimi.

Mumeo,
Baba Salima