Milio Miwili ya Saa Moja

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Wameing'oa. Miaka arobaini na mmoja simu yangu imekaa pale pale, chini ya picha ya marehemu mume wangu, na leo fundi mnene kutoka mjini kaja kaichomoa waya kama anayeng'oa gugu shambani. Hata kahawa niliyomwekea hakuimaliza.

Kaniachia kisanduku cheupe chenye vitaa vya kijani, na simu ya plastiki, nyepesi kama maganda ya kitunguu. Eti sasa simu inapita kwenye intaneti. Nikamwambia sina intaneti na siitaki. Akasema, mama, sasa unayo, waya za zamani zinafungwa bonde zima. Haya! Siku hizi mtu anaulizwa kwanza? Wapi!

Akaitazama ile ya zamani akacheka, hii ya kupeleka makumbusho. Mimi sikucheka. Hiyo ilikuwa simu ya kijiji kizima. Kabla Vale de Urzes haijawa na simu nyingine, watu walikuja kwangu, wakakaa kwenye kiti kile, wakaongea na watoto wao walioko Ufaransa. Mimi ndiye niliyewapigia namba. Mimi ndiye niliyewafundisha: ukisikia inaita sikioni mwako, ujue inaita na kwao. Wasipopokea, hawapo au hawataki. Simu haisemi uongo.

Mimi shida yangu ni moja tu. Saa moja asubuhi. Zulmira, mdogo wangu, naye walimbadilishia wiki iliyopita kule kinuni, kwenye kinu cha kusagia cha wazazi wetu, na milio yake bado inakuja – miwili, anakata. Nami nampigia mmoja, nakata. Basi. Yeye mzima, mimi mzima. Miaka kumi na mmoja hatujasemezana hata neno, sisi tuliozaliwa tumbo moja, isipokuwa hiyo milio. Ana moyo mbovu na anaishi peke yake. Hiyo ikikosekana nitajuaje?


Jumanne, 7 Novemba

Imeita! Saa moja kamili. Sauti mbaya, kama kidude cha mtoto. Lakini miwili. Nikamrudishia mmoja.

Nimekula vizuri leo.


Jumatano, 8 Novemba, jioni

Radi tangu alasiri. Nimechomoa kila kitu ukutani kama mama alivyotufundisha – friji, televisheni, kisanduku, hata pasi. Nikachoma majani ya mzeituni ya Jumapili ya Matawi, nikamwomba Mtakatifu Barbara. Simu sikuigusa. Simu haijawahi kula umeme wa mtu.

Radi imepita. Friji nimeirudisha, na televisheni. Kisanduku acha kikae hivyo hivyo. Vitaa vyake vinanikera.


Alhamisi, 9 Novemba

Saa moja – kimya. Saa moja na robo – kimya. Nimesimama mbele ya simu na kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa.

Labda amelala. Zulmira kulala mpaka saa hizi? Labda.


Ijumaa, 10 Novemba

Kimya tena.

Haya, nimeelewa. Kachoka. Kapata kisingizio, simu mpya, basi kaukata na uzi wa mwisho. Na mimi nimpigie kwanza? Ng'o! Yeye ndiye aliyeanza hii milio, mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Ilikuwa desturi ya mama: ukifika salama ipige iite mara mbili, ukate, nitajua. Mdogo anaanza, mkubwa anajibu. Sijawahi kuvunja mimi.

Na mwenye kosa ni nani? Siandiki mara nyingi, lakini leo naandika. Mama alikuwa amelala kinuni, kwa Zulmira. Tulikubaliana: akizidiwa, nipigie, nakuja. Ijumaa ile ya Februari nilikaa kwenye kiti tangu saa sita mchana mpaka giza. Msalani nilikwenda mlango wazi. Hata mkono wa simu sikuuinua, nisije nikamzibia njia. Haikuita. Asubuhi padri ndiye aliyekuja kuniambia.

Jikoni, tukiwa wawili tu na jeneza sebuleni, Zulmira akanivaa: nilipiga mara nne! Iliita! Mama anakutaja jina, wewe umekaa unaitazama! Nikamwambia muongo. Nikamwambia umesahau kunipigia na sasa unanitupia mimi. Yeye hakulia. Akaenda kufunga mlango wa banda la kuku.

Muongo. Namwita hivyo mpaka leo. Mimi, mwenye simu ya kijiji, nisijue simu yangu iliita au haikuita?


Jumamosi, 11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martino. Abílio kaja na sufuria ya kastanya, zile njugu kubwa za msituni, za kuchoma na chupa ya mvinyo mpya. Nyumba yake na yangu ukuta ni mmoja. Mjane kama mimi, kakaa Ufaransa miaka thelathini, karudi na bereti na mdomo mrefu.

Kabla hajakaa kaanza. "Bibi Simu, saa yangu ya kuniamsha umeipeleka wapi? Siku tatu nachelewa kuamka!"

Kumbe anaamshwa na milio ya Zulmira. Ukuta wote huu unapitisha. Miaka yote hiyo! Nikamwambia, muulize wa kinuni, mimi si karani wake.

Akacheka mpaka akapaliwa. "Nyie mabinti wa kinuni! Mlikuwa hamsemezani, sasa hata kutosemezana mmeacha?"

Nikamnyang'anya sufuria. Kastanya zake zina wadudu na nimemwambia. Akaondoka anaimba.

Baada ya yeye kuondoka nilikaa nikaitazama simu. Sijui kwa nini naandika hili. Nilikaribia kuinua mkono wake. Halafu nikafikiri, je, kama ndiyo anapiga sasa hivi, akute njia imezibwa? Nikauacha.


Jumapili, 12 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Baada ya misa nilipika supu ya sukumawiki, nikala peke yangu pale mezani, simu iko hatua mbili. Saa nane Abílio akagonga mlango, kanuna. Eti amenipigia mara mbili niende nikale naye bata, na sikupokea. Kama nimekasirikia kastanya si niseme!

Nikamwambia hujanipigia.

"Nimekupigia. Imeita."

"Haikuita!"

"Iliita, mama wee! Sikio langu hili hapa! Umekaa unaitazama tu!"

Maneno yale yale. Nikamwita muongo, na baba yake muongo, na bata wake pia. Yeye akanishika mkono – hajawahi kunigusa huyu – akanivuta mpaka jikoni kwake. Akabonyeza namba yangu. Akanipa nisikilize.

Inaita. Sikioni mwangu, safi kabisa. Moja, mbili, tatu, nne.

Na ukutani – kimya. Ukuta ule ule unaomwamsha kila siku. Niliweka sikio la pili ukutani. Hakuna kitu. Huku inaita, kule nyumba imekufa.

Nikakaa chini. Bata akaungua.

Nikamuuliza Abílio, kwani inawezekana? Akasema mbona inawezekana, hata zile za waya ilikuwa hivyo hivyo, anayepiga anasikia inaita wakati waya umekatika huku. Akasema ovyo tu, anageuza bata: "Kama wiki ile mama yako alipofariki. Si ule mwaloni uliangukia waya pale konani? Yangu ilikuwa maiti mpaka Jumatatu."

Nikamuuliza, na yangu?

"Yako nayo. Sikuisikia ukutani siku nne."

Mbona hukuniambia!

Akageuka, kijiko mkononi. "Nikuambie nini, Etelvina? Wewe ndiye mwenye simu. Nilidhani unajua. Na nyie mligombana kwa sababu ya nyumba ya kinu, ndivyo kijiji kinavyojua."

Kijiji kinajua nini! Hatukuwahi kugombea jiwe moja la kinu kile. Tuligombana kwa sababu sikuinua mkono wa simu. Ningeuinua mara moja tu, mara moja, ningesikia kwamba imekufa, ningevaa viatu, ningeshuka bonde kwa miguu, ningemkuta mama ana pumzi. Lakini nilikaa. Nilikaa vizuri kabisa, mikono mapajani, naitunza njia.

Na muongo nikamwita yeye.

Nimerudi nyumbani mbio, umri huu. Nikainua mkono wa simu. Kimya tupu, hata ule mlio wa laini haupo. Abílio akaja nyuma yangu, akafuata waya mpaka nyuma ya kabati, akashika plagi ya kisanduku, iko sakafuni. "Tangu lini?" Tangu radi. Tangu Jumatano. Akaniambia hii mpya inakula umeme, Bibi Simu, kisanduku kikizimika na simu imezimika, fundi hakukuambia? Labda aliniambia. Mimi nilikuwa bize kumchukia.

Nyani haoni kundule. Siku nne, nyie! Siku nne Zulmira anapiga, anasikia inaita, na mimi simrudishii mmoja wangu. Kwa mara ya pili. Anafikiri nimekufa? Au anafikiri nimekaa naitazama?

Vitaa vimewaka. Nimempigia. Si mlio mmoja – nimeacha iite. Imeita kumi na tano. Nimerudia saa kumi, saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Inaita. Lakini kuita maana yake nini sasa? Labda yuko shambani. Labda amekasirika. Labda na yeye kachomoa, mama alitufundisha wote wawili. Labda yuko sakafuni. Mlio ni ule ule.

Zamani nilikuwa najua kitu kimoja duniani, na hicho nacho hakikuwa kweli.


Jumatatu, 13 Novemba

Saa moja. Kimya, na vitaa vyote vinawaka. Nimeinua mkono wa simu nikasikiliza mlio upo. Upo. Kwa hiyo safari hii si mimi.

Nimepiga. Inaita, inaita, kisha inakatika yenyewe.

Saa tatu kasoro honi ya Graciete, mwenye gari la mkate. Yeye huanzia kule chini kinuni, kisha anapanda kwetu. Nilikuwa nimesimama barabarani kabla hajazima gari. Nikamuuliza, mdogo wangu umemwona?

Hajamwona. Zulmira huwa anatundika mfuko wa nguo kwenye geti la barabarani, Graciete anatia mkate, basi, nyumba yenyewe iko juu kule kwenye kichochoro. Akasema, huku anahesabu mikate ya watu, "Ila Bi Etelvina, mkate wa Jumamosi bado umo mfukoni. Jumapili sipiti. Nimeweka wa leo juu yake."

Nikashika mlango wa gari lake.

Nikamwambia, na wewe ukaondoka? Akasema alipiga honi mara mbili, alidhani kaenda kwa daktari mjini, ana milango arobaini ya kupita. Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mimi ni dada yake, na sikuteremka kule kwa miaka kumi na mmoja. Graciete yeye anapiga honi kila siku.

Hakunijibu vibaya. Kasema nipe dakika kumi, kuna mgonjwa pale juu anangoja mkate wake, na wazee wawili, nikiwamaliza nageuza gari tunashuka pamoja. Gari la Abílio liko kwa fundi tangu Oktoba, Mfaransa wetu huyo. Anawapigia wazimamoto wa mjini, ndio wenye ambulensi, namsikia ukutani anavyofoka: kinuni, nimesema kinuni, mwanamke mwenye ugonjwa wa moyo! Wao watachukua dakika arobaini kwa barabara ile.

Nimevaa koti. Nimevaa viatu. Ufunguo wa mama niliutoa kwenye kopo la vifungo, haujatumika tangu maziko, labda Zulmira alibadilisha kitasa. Sidhani. Yeye si mtu wa kubadilisha vitu.

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga kelele.

Kiti kile kiko hapa, na simu iko hapa, na kuna shetani ananiambia: usitoke, Etelvina, je, kama anapiga sasa? Anapiga, inaita sikioni mwake, huku hakuna mtu! Atasema nini safari ya tatu? Ndivyo alivyoniambia Ijumaa ile pia, shetani huyu huyu. Kaa, itunze njia. Nami nikamsikiliza mpaka giza likaingia.

Nimemwambia Abílio kupitia ukuta: ukiisikia, ingia, mlango uko wazi, pokea. Mwambie dada yako yuko njiani. Mwambie alipiga, najua alipiga, mwaloni ulianguka.

Akaniuliza, nimwambie mwaloni upi? Nikamwambia yeye atajua. Halafu nikakumbuka, atajuaje? Hakuna aliyemwambia na yeye.

Honi. Graciete huyo anageuza gari.

Simu ikiita na iite. Nimetoka.