Mapau Aliyoyakataa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Amenikataa! Mbele ya karakana nzima! Haya, si mimi — mapau yangu. Kuna tofauti gani?

Mapau ya shaba, yale marefu yanayokaa ndani ya makabati ya umeme na kugawa moto kwa nyaya zote. Kazi yangu ni kuyachovya bati. Shaba tupu huota weusi, kiungo kikaanza kupata joto, mwisho wake moshi. Bati ndilo linalokinga. Nimeifanya kazi hii tangu sijaota ndevu. Leo mkaguzi kachukua pau langu, kabandika selotepu, kaivuta — chwaa! Bati likatoka nayo, jeupe, kama utando wa maziwa.

"Fundi," akasema, "yote yarudi."

Fundi! Mkaguzi mwenyewe ni mke wangu. Asubuhi hiyohiyo kaninyoosha kola mlangoni. Tumefika kazini nimekuwa "fundi", kama mtu aliyeokotwa getini. Kipara, mwenzangu wa matangi, akageuka kuangalia dari. Kina dada wa meza ya kufungasha hawakuangalia dari. Wamecheka waziwazi.

Amenivua nguo. Sina neno lingine.

Jumanne, 4 Machi

Hatusemeshani. Binti yetu ndiye simu.

"Baba, mama anasema chai iko mezani."

"Mwambie nina macho."

"Mama, baba anasema ana macho."

"Mwambie ayatumie kazini."

Mtoto kachoka, kakimbilia shule bila kuaga. Na Mama yangu — mama yangu mimi, aliyeninyonyesha! — yuko upande wa mkwewe. Nimemlalamikia, kanitazama juu ya miwani. Eti nilitaka mke anipe maksi za mapenzi?

Kazini nimeshinda nikibandua bati langu mwenyewe. Chini yake shaba inateleza. Mafuta! Naijua sababu, na Kipara anaijua. Pau huoshwa kwa sabuni, likaingia kwenye asidi, likasuuzwa, ndipo likachovywa kwenye tangi la bati, ambamo umeme hulibandika. Maji ya suuza zamani tulibadilisha kila asubuhi. Siku hizi mwenye karakana kasema yakae mpaka yachoke. Yameshachoka! Yana rangi ya mchuzi wa jana na mafuta yanaelea juu. Nimemwambia mara ngapi? Jibu lake ni lilelile: kesho. Ndiyo maana tunamwita Bwana Kesho.

Sawa, maji machafu. Lakini mke wangu pia anayajua hayo maji! Asingeweza kuniita pembeni? Asingeweza kukohoa, kukonyeza, chochote?

Jumatano, 5 Machi

Nimechovya upya. Nikasugua kila pau kwa mkono mpaka mabega yakalia. Maji ni yaleyale, tangi ni lilelile.

Selotepu. Chwaa!

Mke wangu kanitazama tu. Afadhali angetukana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda ofisini kudai maji. Nimeingia na hasira ya simba nikatoka na mkia wa paka. Niandike vizuri, maana bado siamini.

Bwana Kesho alikuwa anachokonoa meno. Nikamweleza: maji ya suuza yamekufa, bati halishiki, mapau haya yanakwenda kwenye jengo la ghorofa ambamo watu watalala. Akacheka. Maji kesho, fundi, maji kesho. Lori linakuja Jumatatu, mteja keshapiga simu mpaka sikio limeuma.

Kisha akainamia meza, sauti ya huruma.

"Pole sana, ndugu yangu. Nasikia mama watoto anakusumbua. Nyumbani na kazini pia? Mwanamume atapumulia wapi?"

Ilinigusa. Ndiyo, ilinigusa! Siku nzima nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia pole.

Akasema kuanzia Jumatatu mkaguzi niwe mimi. Muhuri wa kupitisha mzigo nishike mimi. Mama watoto ahamie kufungasha, akapumzike na wenzake, wakapige soga. Ningejua mwenyewe lipi la kukataa na lipi la kupitisha, si ni fundi mkubwa?

Nilitakiwa kusema nini? Nilitakiwa kusema hapana. Neno fupi, hata mtoto wa chekechea analo. Badala yake kinywa changu kikasema, "Nitafikiria, bosi." Bosi! Sijawahi kumwita bosi tangu nizaliwe.

Nimetembea mpaka nyumbani nikikitukana kinywa changu. Watu njiani wamenipisha.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amejua. Bila shaka amejua — kwenye karakana ile siri haikai, hata ukiifungia kwenye tangi la asidi.

Tumefika nyumbani, kamtuma binti kwa bibi yake chumba cha pili, kafunga mlango. Nikajua leo simu imekatwa, tutaongea ana kwa ana.

"Ni kweli?"

"Nini?"

"Usinifanye mjinga, Baba Watoto. Umekubali nafasi yangu?"

"Sijakubali. Nimesema nitafikiria."

"Kufikiria nini? Kuna cha kufikiria hapo?"

Nikalipuka. Yote ya Jumatatu yakatoka kwa mkupuo. Kwamba kanidhalilisha. Kwamba kina dada wa kufungasha sasa wananiita "Bwana Selotepu" na wanadhani sisikii. Kwamba mke mwenye staha angeniita pembeni.

"Pembeni wapi?" akauliza. "Ulitaka nikukatalie mapau kitandani?"

"Ningekuwa mgeni ungeniita fundi, sawa. Mimi ni mumeo!"

"Ndiyo maana nimekuita fundi! Ningekuita mume wangu, wangesema nini? Wangesema yule mapau yake hayakaguliwi, anabebwa na mkewe. Nikipitisha yako mabovu leo, kesho nitamkatalia nani? Nitakuwa na mdomo gani?"

Nikapaza sauti — ndivyo anavyofanya asiye na jibu. Na yeye akapaza. Mama akagonga ukuta kwa mkongojo.

Mwisho akasema polepole, na hilo ndilo lililouma, "Bwana Kesho alijua pa kwenda. Mimi alishaniomba nipitishe, nikakataa. Akatafuta palipo laini. Kapapata kwako."

Kachukua mto, kaenda kulala na binti.

Palipo laini! Mimi!

Jumamosi, 8 Machi

Nimewahi kazini kuliko mlinzi. Nimemkuta Kipara naye hana usingizi. Tumefungua koki ya uwanjani, tumebeba ndoo, tumemwaga ule uchafu wote, tumesugua tangi la suuza mpaka tukaona sakafu yake. Lile tangi lina sakafu ya buluu! Nilikuwa nimesahau.

Tukachovya mapau machache. Polepole, umeme kidogo, kama nilivyofundishwa. Yametoka yana weupe wa ukungu, safi, mororo. Nikabandika selotepu mwenyewe. Nikavuta.

Haikutoka na kitu! Kipara akanikumbatia na mikono yake yenye asidi. Nikatamani kwenda kumwita mke wangu. Nikakumbuka hatusemeshani.

Tulikuwa tunaelekea mapau mengine ndipo Bwana Kesho akaingia na viatu vyake vya ofisini, anakanyaga madimbwi kwa ncha za vidole. Nani kafungua koki? Nani kamwaga maji yake? Nikamwonyesha pau. Hakulitazama hata! Ameona maji sakafuni tu. Akaagiza kufuli, koki ikafungwa mbele yetu kama mwizi anavyotiwa pingu. Mapau yaliyobaki yafungashwe vilevile yalivyo. Yanang'aa, eti, nani atajua?

"Yatakapoungua watajua," nikasema.

"Kabla hayajaungua," akasema, "nitakuwa nimeshalipwa."

Amesema hivyo! Kwa mdomo wake, huku anatabasamu! Kipara akanishika mkono wa kulia, maana anaujua.

Jumapili, 9 Machi

Mama kasema hasira hasara. Nimemwambia na upole je, una faida gani? Kasema sijawahi kuujaribu.

Mke wangu kapiga pasi nguo za kazi. Zake tu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapahapa karakanani, mchana kweupe, daftari juu ya goti. Mikono lazima iwe na kazi, vinginevyo itamkaba mtu.

Asubuhi Bwana Kesho kanikabidhi muhuri mbele ya wote, kama kombe. Mke wangu alikuwa kwenye meza ya kufungasha. Kakunja mikono. Hajafunga hata kamba moja. Kina dada nao wakaacha kufunga, mmoja baada ya mwingine, na leo hakuna aliyecheka. Masanduku mawili tu yaliyojazwa Jumamosi ndiyo yaliyokuwa tayari. Lori likarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, dereva anapiga honi.

"Gonga, fundi! Gonga tumalize!"

Nikasema bado maji. Tubadilishe maji, tuchovye upya, mteja aambiwe asubiri.

"Leo!" akafoka. "Leo leo, sasa hivi!" Siku moja tu mtu huyu ana haraka!

Nikautia muhuri mfukoni. Nikaenda kukaa juu ya sanduku la kwanza. Sikupanga. Miguu ndiyo iliyokwenda. Kafoka mpaka shingo ikavimba. Eti mimi ni mtu gani, sina shukrani, watoto wangu watakula muhuri. Nikamjibu kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia, "Hayatoki! Na maksi za mapenzi sitoi!"

Hakuelewa. Mmoja tu ndiye aliyeelewa, mke wangu — Mama lazima alimhadithia. Nimeona mdomo wake unapigana na kicheko, kisha ukashinda, ukakaza tena.

Bwana Kesho kaenda kuwaita walinzi. Dereva kazima injini, kawasha sigara, anasema yeye hana ugomvi na mtu. Kipara kakalia sanduku la pili.

Bado nina hasira. Na Bwana Kesho, na hayo maji, na mwanamke huyu pia — angeweza kuniita pembeni, sitabadilisha kauli! Na huyu anayeandika, zaidi ya wote.

Mke wangu ametoka kwenye meza yake. Anakuja. Kasimama mbele yangu, mikono kiunoni, hata salamu hakuna.

"Sogea," kasema.

Nimesogea. Sanduku ni dogo, tumebanana. Bega lake ni la moto. Hanitazami, anatazama mlango wa ofisi, na mimi natazama hukohuko. Walinzi wanatoka. Ni watatu, na yule wa mbele anavua koti. Nafunga daftari, lakini hayatoki.